Msomee, Naye Aseme: Maswali Yenu Kuhusu Kumsomea Mtoto Mdogo

Barua zilizotufikia safari hii karibu zote zinauliza jambo moja: namsomea mtoto kwa sauti, je, nafanya sawasawa? Tumechagua tisa na kuzifupisha. Mtaona kwamba majibu yetu mengi yanarudi palepale, kwenye mdomo wa mtoto. Anayesikiliza tu hupata kidogo. Anayesikiliza na kusema hupata zaidi.

Mwanangu ana miezi minne. Kila jioni namsomea kidogo. Mama mkwe anasema nazungumza na ukuta. Je, mtoto huyu anafaidika na lolote? (Mama wa kifungua mimba)

Anafaidika, mama. Maneno bado hayaelewi, lakini sauti anaichukua, na alianza kuichukua tangu tumboni. Mwaka 1986 watafiti wawili wa Marekani, DeCasper na Spence, walichapisha matokeo ya jaribio lao: wajawazito walisoma kwa sauti kifungu kimoja cha hadithi kila siku katika wiki sita za mwisho za ujauzito. Watoto walipozaliwa wakapewa chuchu ya bandia, ambayo namna ya kuinyonya ndiyo iliyoamua wasikie kifungu gani, nao walikipendelea kile walichokizoea kuliko kigeni.

Kwa umri wa mwanao tumia kitabu chenye picha moja kubwa kwa kila ukurasa, yenye rangi zinazoachana wazi. Kishike kama sentimita 30 kutoka usoni pake. Dakika mbili au tatu zinatosha, akiwa ameshanyonya na hana usingizi. Baada ya kila sentensi nyamaza, mtazame usoni, uhesabu kimoyomoyo hadi tano. Akitoa sauti yoyote, mjibu kana kwamba amesema jambo. Hapo ndipo anapojifunza kwamba mazungumzo ni zamu. Akigeuza uso, akijipinda mgongo au akianza kupiga miayo, funga kitabu.

Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kiliwaagiza wanachama wake mwaka 2014 wawashauri wazazi waanze kusoma na watoto tangu uchangani. Lakini kwa mama mkwe hoja hizo si za lazima. Mpe mjukuu mapajani na kitabu mkononi, aone mwenyewe mtoto anavyomkodolea macho.

Wa kwangu ana mwaka mmoja na miezi kumi. Hatulii hata kidogo. Anafungua kurasa ovyo, anang'ata kitabu, katikati ya hadithi anaondoka. Nisubiri akue? (Baba aliyechoka)

Usisubiri, baba. Kinachohitaji kubadilika ni namna ya kusoma. Katika umri huo mdomo bado ni chombo cha kuchunguzia, kwa hiyo mpe vitabu vya kurasa ngumu za kadibodi au vya kitambaa. Kufungua kurasa tatu kwa mpigo ni vidole ambavyo havijakomaa, wala si utundu. Mwache afungue, nawe usome popote atakapotua.

Maandishi si lazima uyamalize. Taja kilicho kwenye picha, toa mlio wake, muulize kiko wapi, mwache aguse. Vipindi vitatu vya dakika tatu kwa siku vinamfaa kuliko kimoja cha dakika kumi na tano. Akiondoka, endelea sentensi mbili tatu kwa sauti ya kawaida. Mara nyingi masikio hubaki hata miguu ikienda. Asiporudi, basi. Kosa linaloharibu kila kitu ni kumkamata mikono na kumkalisha kwa nguvu, maana kuanzia siku hiyo kitabu kitakuwa adhabu.

Zima televisheni na redio kwanza. Mtu mzima anaweza kuchuja kelele za pembeni, mtoto wa umri huo hawezi. Weka vitabu vitatu au vinne mahali mkono wake unapofika, majalada yakimtazama, na uvibadilishe kila wiki. Vikipangwa migongo nje kama maktaba ya wakubwa, kwake ni mistari tu isiyo na maana.

Kila usiku namsomea binti yangu wa miaka mitatu na nusu kitabu kizima. Anakaa kimya kabisa, ana adabu. Lakini nikimuuliza asubuhi, hakumbuki chochote. Kasoro iko wapi? (Mama Z.)

Kasoro iko kwenye huo ukimya, dada. Mwaka 1988 Grover Whitehurst, mtafiti wa Marekani, na wenzake walichapisha utafiti uliohusu watoto wa umri wa miaka miwili hivi na wazazi wao. Makundi yote mawili yalisoma nyumbani kwa mwezi mmoja, mara zilezile. Tofauti ilikuwa kwamba wazazi wa kundi moja walifundishwa kumuuliza mtoto, kumsikiliza na kupanua jibu lake. Mwisho wa mwezi watoto wa kundi hilo walikuwa mbele ya wenzao katika kujieleza.

Njia yenyewe ina hatua nne, nazo hazichukui hata nusu dakika. Uliza. Pokea jibu, ulisahihishe kwa upole ikibidi. Ongeza neno moja au mawili. Kisha mpe nafasi alitumie neno hilo. Tuseme picha ina ndege juu ya tawi:

"Huyu nani?"
"Ndege."
"Naam, ndege mdogo anajenga kiota. Anajenga nini?"
"Kiota."

Ni hivyo tu, kisha mnaendelea na hadithi. Maswali nayo yabadilishe. Mara umwachie neno la mwisho la sentensi alimalizie yeye. Mara umuulize kilichotokea ukurasa uliopita. Mara umwambie akueleze picha nzima. Mara uliza nani, wapi, kwa nini. Na mara moja moja ivute hadithi hadi maishani mwake: "Nawe uliwahi kupotelewa na kitu? Ulifanyaje?" Swali la aina hii ndilo gumu kuliko yote, na ndilo tunalolithamini zaidi, kwa sababu linamtoa kwenye kile anachokiona na kumpeleka kwenye kile anachokikumbuka.

Epuka swali linalojibiwa kwa "ndiyo" au "hapana". Ukishauliza, hesabu hadi tano kabla ya kusema tena; wazazi wengi hurukia jibu baada ya sekunde moja. Akinyamaza, jibu wewe bila lawama na usonge mbele. Wala usigeuze kila ukurasa kuwa mtihani wa rangi na hesabu. Kitabu kikiwa kipya, kisome karibu chote bila kukatiza, uulize mara mbili au tatu tu. Maswali mengi yangojee usomaji wa pili na wa tatu.

Kabla ya kuanza, chagua maneno mawili au matatu ambayo hajayazoea. Ukifika kwenye neno, lieleze papo hapo kwa maneno machache: "Akanyata, yaani akatembea polepole bila kutoa sauti," huku vidole vyako vikinyata juu ya ukurasa. Kesho lirudishe kwenye mazungumzo ya kawaida: "Nyata, mtoto amelala." Bila marudio hayo neno hupotea.

Na kasi? Punguza. Karibu kila mzazi husoma haraka mno. Nukta ipe pumzi nzima, mkato ipe nusu yake. Lugha ya kitabu si ile ya kuitana na kuagizana siku nzima: njoo, kaa, acha, kula. Hadithi ina "akaenda, akakuta, hata alipofika", ina upatanisho kamili wa "mti ule mrefu ulioanguka". Mtoto anahitaji muda wa kuisikia miundo hiyo, kwa sababu ndiyo atakayokutana nayo kwenye vitabu vya shule.

Ana miaka mitatu, anataka kitabu kilekile kila siku. Nimekichoka. Je, hakimdumazi akili? (Shangazi mlezi)

Hata kidogo, shangazi. Mwaka 2011 Horst na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, waliwasomea watoto wa miaka mitatu hadithi zenye maneno mapya ya kubuni. Wengine walisikia hadithi ileile ikirudiwa, wengine hadithi tofauti, lakini maneno mapya yalitokea mara zilezile kwa wote. Waliokumbuka maneno vizuri ni waliorudiwa hadithi moja. Mtoto akishajua kitakachotokea, akili yake hupata nafasi ya kushughulikia maneno.

Kinachokuchosha ni kukisoma vilevile kila mara. Usomaji wa kwanza uwe wa matukio, wa pili wa maneno, wa tatu wa sababu ("Kwa nini alikasirika?"), na wa nne mwachie yeye akusimulie, wewe ukifungua kurasa tu. Ukitaka kuingiza kipya, weka utaratibu wa viwili kwa usiku: kimoja chake, kimoja chako, na chake kitangulie.

Mwanangu wa miaka minne na nusu "anasoma" kitabu kizima, kumbe amekariri! Ukimwonyesha neno moja peke yake halijui. Nimkataze? (Baba S.)

Tafadhali usimkataze. Kukariri kitabu ni hatua ya kweli ya kuelekea kusoma. Tayari anajua kwamba maneno ya kitabu hayabadiliki, kwamba yana mpangilio, na kwamba kitabu kina mwanzo na mwisho. Mtafiti Marie Clay wa Nyuzilandi alionyesha kwamba mambo tunayoyaona ya wazi, kama kuanzia kushoto, kurudi mwanzoni mwa mstari wa chini, au kutambua neno linaishia wapi, mtoto hana budi kujifunza. Hazaliwi nayo.

Sasa mpime hivi. Mwambie asome huku akigusa kila neno kwa kidole cha shahada. Chukua sentensi "Paka anakimbia sana." Maneno ni matatu, silabi ni tisa. Watoto wengi hugusa neno moja kwa kila silabi: kwa "pa" anagusa *Paka*, kwa "ka" anagusa *anakimbia*, kwa "a" anagusa *sana*, kisha kidole kimefika ukingoni na mdomo bado una kazi. Kiswahili kinafunga mengi ndani ya neno moja, hivyo tatizo hili kwetu ni la kawaida sana. Usimkemee. Weka kidole chako chini ya neno, kitelezeshe polepole toka herufi ya kwanza hadi ya mwisho huku ukilitamka, kisha inua kidole kwenye nafasi. Baada ya wiki chache ataanza kuona kwamba ile nafasi nyeupe ina kazi.

Ufanye hivyo mara tatu au nne kwa kitabu, isiwe kila mstari. Watafiti waliofuatilia macho ya watoto wanaposomewa walikuta kwamba hutazama picha karibu muda wote. Maandishi huyatupia macho pale mtu mzima anapoyaonyesha. Anza na jina la kitabu, au neno la mlio lililoandikwa kwa herufi kubwa, au herufi inayoanza jina lake mwenyewe.

Mchezo wa sauti ufanyeni pembeni, bila kitabu, dakika tano. Pigeni makofi pamoja kwa kila silabi: ki-ta-bu matatu, ng'o-mbe mawili, m-tu mawili. Mzazi anayedhani "mtu" ni kofi moja amekosea, mtoto yuko sahihi. Hiyo "m" ni silabi kamili. Ukimfundisha herufi, mpe sauti yake, "mmm" ndefu, usimpe "ma" wala "em". Anayefundishwa "ma" atasoma "mi" kama "ma-i" na hatajua amekosea wapi. Anza na irabu tano, kisha m, k, t, l, b, s. Zinazoandikwa kwa herufi mbili, kama ch, sh, ny, dh, na ng' yenye kibainishi, zije baadaye, pamoja na mb, nd na nj.

Tunasisitiza jambo moja hapa. Tahajia ya Kiswahili ni ya moja kwa moja, na kwa sababu hiyo mtoto anaweza kuitamka aya nzima vizuri asielewe hata sentensi moja, na wazazi wakapiga vigelegele. Mwaka 1986 watafiti Gough na Tunmer waliliweka kwa hesabu: kusoma ni kutambua maneno *mara* kuelewa lugha. Kimojawapo kikiwa sifuri, jibu ni sifuri. Silabi zinashughulikia upande wa kwanza. Hadithi unazomsomea na kuzizungumza naye zinashughulikia wa pili. Kwa hiyo hata atakapoanza kujisomea, endelea kumsomea vitabu vigumu kuliko vyake, kwa sababu kwa miaka kadhaa atakuwa anaelewa mambo mengi zaidi kwa masikio kuliko anayoweza kuyasoma kwa macho.

Sikusoma sana. Nasoma kwa kukwamakwama, naogopa mtoto asiige makosa yangu. Bora nimwachie mwalimu? (Mama wa wanne)

Usimwachie, mama. Kukwama hakuambukizi. Mtoto anachukua lugha yako ya kila siku, na hiyo unaimudu kama mtu yeyote. Chagua kitabu chenye sentensi moja kwa ukurasa, kisome mara mbili peke yako kabla ya kumwita. Siku nyingine achana na maandishi kabisa: fungueni picha toka ya kwanza hadi ya mwisho mkitunga hadithi yenu. Vipo pia vitabu vya picha visivyo na neno hata moja, na vinazaa mazungumzo mengi mno. Na kama mkubwa wako anajua kusoma, asome yeye, wewe ukae katikati uulize maswali. Kazi ya kuuliza ndiyo yenye uzito, na haihitaji cheti.

Nafundisha darasa la awali. Watoto 45, kitabu kimoja. Wa nyuma hawaoni, wa mbele wanajibu wao tu. Nifanyeje? (Mwalimu)

Mwalimu, gawa tatizo lako mara mbili: kuona na kusema.

Kuona kwanza. Wakalishe nusu duara kwenye mkeka, safu tatu, wewe kwenye kiti kifupi. Dirisha liwe nyuma yao ili mwanga uangukie ukurasa. Likiwa nyuma yako wataona kivuli tu. Shika kitabu pembeni ya bega, kurasa zikiwaelekea, usome kwa kutupa jicho. Hilo linawezekana ikiwa umeshakisoma mara mbili mwenyewe. Ukimaliza ukurasa, pitisha picha taratibu toka kushoto kwenda kulia huku ukihesabu hadi kumi. Anayekaa zaidi ya mita tatu hatafaidi picha ya kawaida, kwa hiyo badilisha safu kila siku, wa nyuma leo wawe mbele kesho. Sentensi inayojirudia katika hadithi iandike kwenye karatasi ya manila kwa herufi za kimo cha sentimita tano, itundike, na darasa zima liitamke kila inapofika huku ukiionyesha kwa fimbo.

Kusema ndiko kugumu. Ukiuliza "nani anajua?", watajibu walewale wanne mwaka mzima. Badala yake uliza swali moja, kisha waambie: "Mgeukie jirani yako, mwambie." Wape nusu dakika. Kelele zitakuwepo, lakini midomo 45 imefanya kazi badala ya minne. Halafu taja wawili watatu waseme jirani amesema nini. Weka vituo vitatu tu vya namna hii katika hadithi, uviwekee alama kwa penseli kabla. Dakika kumi hadi kumi na tano zinatosha.

Kitabu kimoja kitoshe wiki nzima. Jumatatu soma mfululizo. Jumanne rudia ukieleza maneno matatu uliyoyachagua. Jumatano uliza sababu na ubashiri. Alhamisi waigize. Ijumaa wachore sehemu waliyoipenda, nawe uzunguke ukiandika chini ya picha maneno wanayokutajia. Wakati huo wa kuchora ndio nafasi yako ya kuwaita watoto wanane au tisa walio wanyamavu, uwasomee tena kwa karibu. Tungeanza na hao kabla ya wengine wote.

Simu yangu ina hadithi zinazojisoma zenyewe. Zinatosha? (Msomaji)

Kama nyongeza, sawa. Kama badala yako, hapana. Simu haingoji jibu la mtoto wala haioni kwamba ameshangaa. Michoro inayoruka ukiigusa humtoa kwenye hadithi, na mzazi naye huanza kusema "usibonyeze" badala ya kuzungumzia kisa. Ukiitumia, zima milio, shika wewe, simamisha baada ya kila ukurasa.

Nyumbani tunasema lugha ya mama, shule ni Kiswahili. Nimsomee kwa ipi? (Baba wa mapacha)

Kwa ile unayoimudu zaidi. Msamiati, mpangilio wa kisa na kujua kitabu kinavyofanya kazi ni vitu anavyovihamisha kutoka lugha moja hadi nyingine. Vitabu vya lugha yenu vikikosekana, tumia picha za kitabu cha Kiswahili na usimulie kwa lugha yenu. Usitafsiri sentensi kwa sentensi, kwa sababu mtoto atasubiri lugha nyepesi kwake na kuacha kuisikiliza nyingine. Leo kitabu kizima kwa lugha moja, kesho kwa nyingine. Na kwa kuwa vitabu ni vichache, tengenezeni.

Chukua karatasi nne za A4, zipange pamoja, zikunje katikati: una kurasa 16. Ongeza karatasi ngumu ya jalada kwa nje. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo, moja katikati na mengine sentimita tano juu na chini yake. Sindano iingie tundu la katikati kutokea ndani, irudi ndani kwa tundu la juu, ivuke ndani hadi tundu la chini itoke nje, kisha irudi ndani kwa tundu la katikati. Funga fundo juu ya ule uzi mrefu. Pini za stepla zina haraka, lakini hulegea na mtoto chini ya miaka mitatu anaweza kuimeza.

Pacha mmoja asimulie, mwingine achore, kisha wabadilishane. Wewe andika wanavyosema, maneno matatu hadi sita kwa ukurasa, kwa herufi ndogo za chapa zenye kimo cha sentimita moja hivi, ukiacha nafasi ya kidole kati ya neno na neno. Maandishi yakae chini ya picha, mahali palepale kila ukurasa. Yakirukaruka huku na huku, hawatajua waanzie wapi.